Songwe ilipogawa shule: Kiingereza cha utotoni kiliwafikisha wapi watu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa?

Kwa mtu wa Kyela, Mto Songwe ni jambo la kawaida kabisa. Upande huu Tanzania, upande ule Malawi, katikati kuna daraja, malori, baiskeli zenye magunia na kina mama wanaowahi soko. Mnyakyusa wa huku akimsalimia Mngonde wa Karonga kwa lugha ya nyumbani anaitikiwa bila mkalimani, kwa sababu lugha zao zinasikilizana. Lakini wakianza kuongea mambo ya ofisi na karatasi, kila mmoja anashika njia yake. Wa huku anaingia kwenye Kiswahili, wa kule anaingia kwenye Kiingereza.

Hali hiyo haikutokea yenyewe. Ina tarehe na ina watu walioamua. Na kwa sisi tunaopenda kuangalia historia kwa jicho la kitafiti, ni bahati ya aina yake: watu wa asili moja, ufukwe mmoja, waligawanywa na mto, kisha watoto wao wakafundishwa kwa lugha tofauti. Ni kama jaribio ambalo hakuna mtafiti aliyelipanga.

Nalileta jambo hili kwa sababu swali lake liko mezani leo. Katika kata ya Busale, kama ilivyo kata nyingine za Kyela, mzazi anauza mpunga au kokoa, anahesabu fedha, halafu anajiuliza: nimwache mtoto shule ya msingi ya serikali, au nijibane nimpeleke shule ya mchepuo wa Kiingereza, zile ambazo mtaani tunaziita ingilishi midiamu? Anayeuliza hivyo anawaza mbali. Anataka mtoto wake siku moja afanye kazi Nairobi, Geneva au Umoja wa Mataifa, asibaki kubeba magunia Kasumulu.

Historia ya ufukwe huu ina jibu. Kiingereza kilichojifunzwa utotoni kilifungua milango ya nje, tena mikubwa. Ila kwa wale ambao habari zao tunazijua vizuri, Kiingereza hakikuja cha kwanza na hakikuja peke yake. Kilipandwa juu ya lugha nyingine iliyokwisha kukomaa, na kilikuja pamoja na ujuzi wa kitu. Twende taratibu tuone.

Mpaka wa 1890 na shule mbili

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilisaini mkataba uliogawana maeneo ya Afrika Mashariki. Upande huu wa ziwa, mpaka ukawekwa Songwe. Hakuna Mnyakyusa wala Mngonde aliyeulizwa.

Mwaka uliofuata, 1891, wamisionari Wajerumani waliingia Unyakyusa kwa makundi mawili. Wamoravian walianza Rungwe, na watu wa Misheni ya Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walijenga vituo vyao upande wa chini na mashariki zaidi. Baadaye Wamoravian walishuka hadi bondeni na kuanzisha kituo cha Ipyana, ambacho leo kiko Kyela. Wajerumani hawa walikuwa na msimamo mmoja mkubwa: neno la Mungu lisomwe kwa lugha ya mama. Kwa hiyo wakajifunza Kinyakyusa, wakakiandika, wakachapa vitabu vya kusomea. Mtoto wa Ipyana alijifunza herufi kwa lugha aliyonyonya nayo. Serikali ya Kijerumani yenyewe, huko bomani, ilitumia Kiswahili kuandikiana na maakida na makarani wake.

Ng'ambo ya Songwe mambo yalikwenda tofauti. Wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia walikuwa kwenye ziwa hili tangu 1875. Walianzia Cape Maclear kusini, wakahamia Bandawe, na mwaka 1894 Dkt. Robert Laws akaanzisha taasisi kubwa juu ya mlima, Khondowe, iliyoitwa Overtoun Institution. Pale palifundishwa ualimu, uchungaji, uchapaji, useremala, ujenzi, kazi za ofisi na uganga. Na lugha ya kufundishia masomo ya juu ilikuwa Kiingereza.

Kwa nini Kiingereza? Sababu moja ni kwamba Laws mwenyewe alikiamini. Sababu nyingine ni ya vitendo, na mimi naiona ndiyo yenye uzito. Wanafunzi wa Khondowe walitoka kwa Watonga, Watumbuka, Wangoni, Wangonde na wengine. Hakukuwa na lugha moja ya Kiafrika iliyowaunganisha wote darasani. Upande wetu kazi hiyo ya kuunganisha ilishaanza kufanywa na Kiswahili, kilichopanda kutoka pwani pamoja na biashara na baadaye serikali. Kule Kiswahili hakikuwa na nguvu hiyo, Kiingereza kikakalia kiti.

Hapa kuna jambo dogo ambalo wengi huliruka. Mtoto wa upande wa Livingstonia hakuanza shule kwa Kiingereza. Alianza kwenye shule ya kijiji, chini ya mwalimu mwenyeji, akisoma na kuandika kwa Kitonga, Kitumbuka au lugha nyingine ya kwao. Kiingereza kilifuata, na kadiri alivyopanda ngazi kikazidi. Aliyefika Khondowe alikuwa amechujwa, na alikuwa tayari anajua kusoma ni nini. Shikilia hilo, tutalirudia.

Waliotoka Khondowe na shule zake

Faida ya Kiingereza ilionekana mapema. Vijana wa Livingstonia walitawanyika kusini mwa Afrika kama makarani, walimu, wachapaji na wakalimani. Waliajiriwa Rhodesia, Afrika Kusini na kwingineko. Mwaka 1904 mmoja wao, David Kaunda, alikwenda kufundisha Chinsali, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mwanawe Kenneth alikuja kuwa rais wa kwanza wa nchi hiyo.

Mwingine ni Clements Kadalie, Mtonga wa karibu na Bandawe. Alisoma Livingstonia, akawa mwalimu, kisha mwaka 1915 akaondoka kwenda kusini kutafuta kazi. Mwaka 1919 alianzisha chama cha wafanyakazi Cape Town, ICU, kilichokua hadi kuwa chama kikubwa zaidi cha wafanyakazi Waafrika ambacho Afrika Kusini ilikuwa imekiona hadi wakati huo. Mwaka 1927 alisafiri kwenda Geneva, wakati wa mkutano wa Shirika la Kazi Duniani, akapita Uingereza akizungumza na wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Hebu fikiria: kijana wa kijiji cha ufukwe wa Ziwa Nyasa anasimama Ulaya mwaka 1927 kueleza hali ya mfanyakazi mweusi, na haitaji mtu wa kumtafsiria.

Lakini Kadalie huyohuyo, alipohutubia Afrika Kusini, alihitaji mkalimani. Hakujua vizuri Kizulu, Kixhosa wala Kisotho. Alinena kwa Kiingereza, na mtu pembeni akageuza maneno yake kuwapa wafanyakazi aliokuwa akiwatetea. Kiingereza kilimfikisha kwa wakubwa kirahisi kuliko kilivyomfikisha kwa wenzake.

Wa tatu anajulikana zaidi: Hastings Kamuzu Banda, aliyesomea shule za misheni hiyohiyo katika eneo la Kasungu. Aliondoka kwa miguu karibu na 1915, akafanya kazi Rhodesia, kisha kwenye migodi ya Johannesburg, na mwaka 1925 akaenda Marekani. Alimaliza udaktari katika chuo cha Meharry, Nashville, mwaka 1937, akapata vibali vya udaktari Edinburgh, akatibu watu Uingereza kwa miaka mingi. Mwaka 1964 aliiongoza Malawi kuingia uhuru.

Watu wakisimulia habari za Banda husema, ona Kiingereza kilivyomtoa. Sawa. Ila kuna kipande kimoja cha safari yake kinachosahaulika. Alipokuwa Chicago, mwanaisimu Mmarekani mweusi, Mark Hanna Watkins, alikuwa anaandika sarufi ya Kichewa. Mtu aliyempa data ya lugha alikuwa Banda. Sarufi ile ilichapishwa mwaka 1937. Maana yake, katikati ya Chicago, kitu ambacho Banda alikuwa nacho na wengine hawakuwa nacho kilikuwa Kichewa cha nyumbani. Kiingereza kilimwezesha kukaa meza moja na Watkins. Kichewa ndicho kilichofanya aitwe mezani.

Na mwisho wake ni wa kuchekesha kidogo. Banda aliporudi nyumbani mwaka 1958, baada ya zaidi ya miaka 40 ugenini, alihutubia mikutano ya hadhara kwa Kiingereza huku mkalimani akitafsiri kwa lugha ya wananchi.

Upande wetu: kalamu wachache, nyundo wengi

Sasa turudi huku Kyela, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Rungwe. Mwaka 1916 Waingereza waliingia Unyakyusa, wamisionari Wajerumani wakaondolewa, na kwa miaka kadhaa Waskoti wa Livingstonia ndio waliosimamia makanisa na shule zao. Kwa muda mfupi, shule za pande mbili za Songwe zilikuwa chini ya mkono mmoja. Wamoravian walirudi katikati ya miaka ya 1920.

Serikali ya Kiingereza ya Tanganyika, tofauti na unavyoweza kudhani, haikukimbilia kufundisha Kiingereza kwa kila mtoto. Iliendelea na Kiswahili kwenye madarasa ya chini. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ili kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Kiingereza kiliwekwa juu zaidi, kwa wachache waliofika madarasa ya kati na shule kama Tabora, iliyofunguliwa 1925, na Malangali, iliyofunguliwa 1928 huko Nyanda za Juu Kusini. Na hao wachache walikuwa karibu wote wavulana.

Matokeo yake? Kwa Mnyakyusa wa kawaida wa miaka ya 1930 hadi 1950, kazi ya kimataifa ilikuwa mgodini. Wanaume wa bondeni walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, wakavuka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na wengine wengi wakafika Afrika Kusini kupitia wakala wa kuajiri watu wa migodi, WENELA. Wapo waliosafirishwa kwa ndege. Hiyo nayo ni ajira ya nje ya nchi, tusiidharau. Fedha zake zilinunua ng'ombe wa mahari, baiskeli, mabati.

Ila ukiuliza mgodini walizungumza nini, jibu ni Fanagalo, lugha ya mkato iliyojengwa juu ya Kizulu kwa maneno ya Kiingereza na Kiafrikaans. Ilitosha kutoa amri na kupokea amri. Haikutosha kusoma mkataba wa kazi. Anayejua Kiingereza na kuandika alikaa ofisini kama karani, na mshahara wake ulikuwa tofauti na wa aliyeshuka shimoni. Mpaka kati ya shimo na ofisi ulikuwa rangi kwanza, halafu miongoni mwa Waafrika ulikuwa lugha na kalamu. Ndiyo maana wazee wetu waliorudi kutoka migodini walikuwa na hamu kubwa ya kuona watoto wao wanasoma. Walikuwa wameshaona kwa macho yao lugha inavyopanga watu foleni.

Karani aliyeandika Unyakyusa

Kuna Mnyakyusa mmoja aliyefanya kazi ya kimataifa bila kuhama. Anaitwa Leonard Mwaisumo. Kati ya 1934 na 1938, wanaanthropolojia wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walikaa Unyakyusa kufanya utafiti. Vitabu vilivyotokana na kazi hiyo, hasa vya Monica vilivyoanza kutoka 1951, vinasomwa vyuoni duniani hadi leo. Ukisoma popote habari za vijiji vya rika vya Wanyakyusa, yaani desturi ya vijana wa rika moja kujenga kijiji chao, chanzo karibu kila mara ni wao.

Mwaisumo alikuwa karani na mkalimani wao. Yeye alisikia mazungumzo, akaandika maelezo, akatafsiri kati ya Kinyakyusa na Kiingereza. Bila mtu wa namna yake, Wilson angeona sherehe asijue inahusu nini. Mwaka 2013 kilitoka kitabu cha kitaaluma kuhusu Monica Wilson na wakalimani wake, na Mwaisumo akapewa sura yake. Ilichukua zaidi ya miaka 70.

Nataka tuone mambo mawili hapa. La kwanza, Kiingereza peke yake kisingempa Mwaisumo kazi ile. Waingereza wenyewe walikijua Kiingereza kuliko yeye. Alichokuwa nacho ni jozi: Kinyakyusa kilichoiva, cha mtu anayejua mafumbo na adabu za wazee, na Kiingereza cha kutosha kukibeba. La pili, jozi hiyo ilimfikisha kwenye mlango wa sayansi ya dunia lakini haikumpa kiti. Aliitwa karani, wenzake wakaitwa wataalamu. Tofauti yao haikuwa lugha. Ilikuwa digrii, fedha za utafiti na rangi. Lugha hufungua mlango, ila kuna vitu vingine vinavyoamua utakaa wapi ukishaingia.

Mtoto aliyeanza shule na miaka 12

Kuna hoja tunaisikia sana: mtoto asipoanza Kiingereza akiwa mdogo kabisa, basi tena, hatakijua. Sasa mchukue Julius Nyerere. Alizaliwa 1922, akalelewa kwa Kizanaki, na akaanza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka kama 12. Kiswahili chenyewe alikutana nacho kwa uzito shuleni, Kiingereza kikafuata. Mwaka 1937 alikuwa Tabora, 1943 Makerere, 1949 Edinburgh. Huyo ndiye aliyekuja kutafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, na aliyesimama Umoja wa Mataifa akajieleza kwa Kiingereza ambacho wenye lugha walikisifu.

Unaweza kusema Nyerere alikuwa na kipaji cha peke yake. Ni kweli. Basi angalia kizazi kizima. Watoto wa Tanganyika walioanza shule miaka ya 1950 walifundishwa kwa Kiswahili madarasa ya mwanzo, Kiingereza kikaja kuwa lugha ya kufundishia mbele ya safari. Kizazi hicho ndicho kilichojaza balozi zetu, vyuo vikuu na mashirika ya kimataifa. Kwa mfano wa huku kwetu, Profesa Mark Mwandosya, mhandisi aliyekuwa baadaye mbunge wa Rungwe Mashariki, alizaliwa 1949. Mwaka 1997 aliongoza kundi la nchi zinazoendelea, G77 na China, katika majadiliano yaliyozaa Itifaki ya Kyoto kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Majadiliano ya namna ile hubishaniwa neno kwa neno, hadi nukta. Huwezi kuongoza kundi kubwa hivyo kwa Kiingereza cha kubabaisha, na huwezi pia kuliongoza kwa Kiingereza kizuri kisicho na fizikia wala uchumi wa nishati ndani yake.

Baada ya 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za umma. Kosa halikuwa kuanza na Kiswahili. Tatizo lilijitokeza kwenye kivuko: mtoto akimaliza darasa la saba anarukia kidato cha kwanza ambako kila kitu ni Kiingereza, huku somo la Kiingereza alilopewa shule ya msingi halikumwandaa. Mwaka 1984 watafiti wawili Waingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wetu wa sekondari wakakuta wengi hawakuwa na Kiingereza cha kusomea masomo mengine. Ni miaka 40 sasa, na mwalimu yeyote wa shule ya kata atakwambia hali anayoikuta Januari kwenye kidato cha kwanza.

Sayansi inasemaje kuhusu umri?

Historia inatupa mifano, lakini mifano inaweza kudanganya, kwa sababu tunawakumbuka waliofaulu. Tuangalie tafiti zenye watu wengi.

Mwaka 2018 Joshua Hartshorne, Joshua Tenenbaum na Steven Pinker walichapisha utafiti wa watu karibu 670,000 waliofanya jaribio la sarufi ya Kiingereza mtandaoni. Walikuta uwezo wa kujifunza sarufi unabaki juu hadi karibu miaka 17 au 18, kisha unashuka. Ili kuifikia ngazi ya mzawa, inafaa kuanza kabla ya miaka kama 10, maana kujifunza kwenyewe kunachukua miaka mingi. Kwa hiyo kuanza mapema kuna faida, hilo halina ubishi. Lakini mlango haufungwi na miaka sita, na mtu anayeishi na lugha yuko kwenye hali yake. Mtoto wa Busale anayesikia Kiingereza saa chache darasani, kutoka kwa mwalimu ambaye naye anahangaika nacho, hayuko kwenye hali hiyo.

Upande wa kipato, Hoyt Bleakley na Aimee Chin walifuatilia watu waliohamia Marekani wakiwa watoto. Waliofika wadogo kutoka nchi zisizotumia Kiingereza walikijua vizuri zaidi, na ukubwani walipata mishahara mizuri zaidi kuliko waliofika wakiwa wakubwa. Hapo mzazi anayejibana ana hoja. Ila wakachimba zaidi: sehemu kubwa ya faida ilipitia shuleni. Waliojua lugha walisoma miaka mingi zaidi, na elimu hiyo ndiyo iliyowalipa.

Utafiti mwingine unatugusa zaidi. Mwaka 1949 Puerto Rico ilibadili lugha ya kufundishia sekondari kutoka Kiingereza kwenda Kihispania. Wengi waliamini Kiingereza cha wananchi kilishuka kwa sababu hiyo. Joshua Angrist, Aimee Chin na Ricardo Godoy walilinganisha vizazi vya kabla na vya baada, na matokeo yao ya 2008 hayakuonyesha kwamba badiliko lile lilishusha ujuzi wa Kiingereza. Yaani, kufundisha masomo yote kwa Kiingereza si lazima kumfanye mtoto ajue Kiingereza zaidi ya kukifundisha vizuri kama somo.

Na tangu 1979 mwanaisimu Jim Cummins amekuwa akieleza kwa nini: uwezo wa kusoma, kufupisha hoja na kueleza sababu ukijengwa kwenye lugha moja, unahamia kwenye lugha ya pili. Ukikosekana kwenye ya kwanza, hakuna cha kuhamisha. Ndivyo ilivyokuwa kwa shule za kijiji za Livingstonia miaka 100 iliyopita, ingawa Waskoti wale hawakuwa na nadharia yoyote ya kuitetea. Walifanya vile kwa sababu walimu wa kijiji walijua lugha ya kijiji.

Kwa mzazi wa Busale leo

Turudi kwenye fedha za mpunga na kokoa. Mzazi anayelipa ada ya mchepuo wa Kiingereza hajakosea kutaka Kiingereza. Kinachotakiwa ni kujua ananunua nini hasa. Mabasi ya njano, sweta lenye nembo na mtoto anayesema gudi moning tiicha si ushahidi wa chochote. Ningemshauri aulize maswali matatu. Mwalimu wa darasa la kwanza anaongea Kiingereza kwa ufasaha, au anasoma tu kitabu? Mtoto akifika darasa la tatu, anaweza kusoma hadithi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili akaieleza kwa maneno yake? Na je, anajua kwa nini saba mara nane ni hamsini na sita, au amekariri wimbo kwa lugha asiyoielewa? Shule ikishindwa maswali haya, ada yake inanunua kelele. Ikiyaweza, iwe ya binafsi au ya serikali, mtoto yuko kwenye njia waliyopita wale wengine.

Kuna na shule zinazomchapa mtoto au kumvisha kibao shingoni akikutwa anaongea Kiswahili au lugha ya nyumbani. Historia tuliyoipitia inasema hapo mtoto ananyang'anywa nusu ya jozi. Banda aliitwa mezani kwa ajili ya Kichewa, Mwaisumo kwa ajili ya Kinyakyusa. Leo soko la jozi ni pana kuliko enzi zao. SADC ilikipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2019, Umoja wa Afrika ukakiingiza kwenye lugha zake za kazi mwaka 2022, na UNESCO imekitengea siku yake, Julai 7. Mikutano hiyo inahitaji wakalimani, watafsiri, watangazaji na wanasheria wanaoweza kwenda na kurudi kati ya Kiswahili na Kiingereza bila kujikwaa. Mtoto wa Kyela aliyekuzwa vizuri ana lugha tatu kabla hajafika sekondari, na nyingine anaweza kuiongeza kwa kuvuka daraja tu.

Kwa upande wa serikali, somo ni lilelile la tangu 1984. Mzazi mwenye kokoa anaweza kuhama shule, asiye nayo hawezi. Zamani Songwe ndiyo iliyoamua nani apate Kiingereza. Siku hizi mpaka umehamia ndani ya kijiji, kati ya nyumba yenye ada na nyumba isiyo na ada, na wote ni watoto wa Busale. Mpaka huo hauwezi kuondolewa kwa kulazimisha kila shule ifundishe kwa Kiingereza ambacho walimu wake hawana. Unaondolewa kwa kumfundisha mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi ya umma, kumpa vitabu, na kukijenga kile kivuko cha darasa la saba kwenda kidato cha kwanza ili mtoto avuke kwa miguu yake mwenyewe, bila kuzama.